Darasa Lililobana Pumzi

Kama unamfahamu dereva wa lori au fundi wa magari, mtumie hii aisome kabla hajawasha injini.

Chini ya mlima mmoja mrefu paliishi fundi aliyeitwa Ambakisye. Malori yaliyopanda mlima ule yalipita kwanza gereji kwake. Alikuwa na ufundi mmoja uliompa sifa: aligeuza skrubu ya pampu ili injini inywe dizeli nyingi kuliko kawaida. Lori likitoka pale lilipanda likinguruma, na nyuma yake moshi mweusi tii. Madereva waliutazama moshi ule kwa fahari. Kwao, moshi ndiyo nguvu.

Juu mlimani, kando ya barabara, palikuwa na shule. Siku moja Mwalimu Bupe alishuka hadi gereji.

"Fundi, wanafunzi wangu wanakohoa. Tupunguzie moshi."

"Mwalimu, gari lisilotoa moshi ni gari gonjwa," Ambakisye alijibu, na madereva wakacheka. "Hao watoto wavalishe masweta. Kule juu ni baridi."

"Masweta wanayo. Njoo ukae darasani asubuhi moja tu. Ukitoka na maneno hayo hayo, sitakusumbua tena."

Ambakisye alikubali. Binti yake mwenyewe, Lugano, alisoma darasa lile, na hakuwahi kulalamika.

Kesho yake akakaa dawati la nyuma. Watoto walikuwa wanasoma kwa sauti. Mara, kutoka chini kabisa, ukasikika mngurumo. Ambakisye akatabasamu. Lilikuwa lori la dereva Gwakisa, alilolitengeneza jana yake.

Watoto wenyewe walifunga vitabu. Waliokaa dirishani wakafunga madirisha. Wote wakavuta pumzi ndefu, wakazamisha pua ndani ya masweta, wakaanza kuhesabu kwa vidole juu ya madawati.

Lori lilipita taratibu. Moshi ukapenya kwenye nyufa. Mmoja akashindwa, akakohoa. Akafuata mwingine, kisha watano kwa pamoja. Mwisho akabaki Lugano peke yake, macho yamemtoka.

"Hamsini na nne," alisema akihema alipoachia pumzi. Akamgeukia baba yake. "Baba, mimi ndiye bingwa. Hakuna anayenifikia."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Kukuambia nini? Nilidhani shule zote wanafanya hivi."

Ambakisye hakungoja kengele. Alishuka mlima, akachukua bisibisi, akaanza na lori la kwanza kwenye foleni. Kila skrubu aliyoigeuza, akairudisha ilivyokuwa.

Gwakisa aliporudi akashika kiuno. "Fundi, umetuua. Sasa tutapitwa na punda."

"Mpishe apite."

"Basi naenda kwa fundi mwingine."

"Nenda. Na umwambie kesho namfuata. Kuna dawati nataka akalie."

Hakuwa anatania. Wateja wengi walimkimbia, naye akafuata walikokimbilia. Aliwapandisha mafundi shuleni mmoja mmoja. Aliyekataa leo alimfuata tena kesho, na kesho kutwa. Walimchoka, wakapanda. Hakuna aliyeshuka akiwa anacheka.

Baada ya miezi kadhaa, asubuhi moja mngurumo ulisikika tena kutoka chini. Lugano akavuta pumzi, akazamisha pua, vidole vikaanza. Lori lilikuja polepole kuliko zamani. Lilipita dirishani, na dirisha lilikuwa wazi. Pembeni yake wenzake walikuwa wanaendelea kusoma.

Akashusha sweta, akatafuta mstari walipofika, akasoma nao.

"Umefika ngapi leo, bingwa?" Mwalimu Bupe alimuuliza baadaye.

Lugano akafikiri kidogo. "Sijui, mwalimu. Nimesahau kuhesabu."

Funzo: Moshi wa gari lako hauishii barabarani, unaingia kwenye kifua cha mtu. Usingoje alalamike ndipo ulirekebishe, kwa maana huenda ameshazoea kuumia.