Kitundu cha Kifuniko

“Mwizi ni mwizi tu, hata akivaa ovaroli!”

“Rudia. Rudia hilo neno, na shangazi asikie vizuri.”

“Nitalirudia mara mia! Umenitobolea kifuniko cha tangi, ukaninyonya dizeli kama kupe. Maziwa yangu yanachacha njiani, wewe unanenepa!”

Hivyo ndivyo asubuhi ilivyoanza katika ua ule wa milango sita, na kabla chai haijapoa vikombeni, kila mlango ulikuwa umeshatoa kichwa. Bwana Maziwa, aliyekusanya maziwa kwa wafugaji na kuyapeleka mjini kwa pikapu yake kuukuu ya dizeli, alisimama katikati ya ua, mishipa ya shingo imemtoka kama kamba za kuanikia nguo. Mbele yake, spana mkononi, alisimama Mama Pampu, fundi wa injini za dizeli, ambaye gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa ua huohuo.

Siku nyingine Mama Pampu angemjibu kwa mzaha, watu wakacheka, mambo yakaisha. Alikuwa mtu wa watu, nyumba yake haikosi wageni. Lakini asubuhi ile hakuwa na mzaha. Kwa wiki mbili neno “mwizi” lilikuwa limetembea kutoka bombani hadi kwa kinyozi, likiongezwa chumvi kila kituo. Jana yake mwenye basi dogo alikuja akalivuta basi lake kwa kamba, injini imefunguliwa nusu, bila hata kumtazama usoni. Miaka kumi na minne ya kulijenga jina kwa mikono hii yenye grisi, leo linapakwa matope na mtu ambaye yeye alimtengenezea gari kwa moyo mmoja!

Na shangazi mwenye nyumba, bibi mwenye maneno machache na funguo nyingi, alikuwa ameshatamka: “Mimi sipangishi mwizi. Jua la leo halitui kabla sijaujua ukweli. Akiwa mwizi, vyombo nje.”

“Ushahidi uko wazi, shangazi,” alisema Bwana Maziwa. “Huyu alinibadilishia chujio la dizeli. Siku tatu baadaye naona kifuniko kimelowa dizeli. Natazama vizuri, kina kitundu, kama cha sindano! Na yeye ana bomba la sindano, lile kubwa analovutia mafuta machafu. Nani hapa hajaliona?”

Majirani wakaguna. Wote walikuwa wameliona.

“Ebo!” Mama Pampu alipiga kofi paja lake. “Kifuniko cha dizeli huzaliwa na kitundu, baba! Na dizeli inalowesha kifuniko kwa sababu unajaza tangi mpaka shingoni, kisha unakata kona kama unafukuzwa.”

“Hayo ni maneno ya mwizi.”

“Basi tuache maneno. Gari lako lina ugonjwa gani?”

“Si gari, ni wewe! Nikitoka kujaza dizeli, linakwenda vizuri. Nikifika mbele kidogo, linapoteza nguvu, linakohoa, linazima. Nikikaa nusu saa linawaka. Mbele kidogo, tena. Kwa nini, kama si dizeli inayoibwa?”

“Kwa hiyo mwizi ananyonya nusu ya njia, halafu akiona huruma anairudisha ukiwa umekaa?”

Mtu mmoja alicheka mlangoni, akatazamwa, akajikohoza.

Mama Pampu hakungoja ruhusa. Alikwenda kwenye pikapu, akainua boneti. “Shangazi, sogea uone kwa macho yako.” Alilegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya chujio, akabonyeza pampu ya mkono. Ilishuka na kuruka juu, ikashuka na kuruka, kama kifua cha mtu mzima wa afya. Dizeli ikatoka safi, bila povu, bila tone la maji. Alipitisha kidole chini ya mpira wa dizeli, kiungo kwa kiungo, akakitoa kikiwa kikavu. “Chujio zima. Hewa haiingii. Pampu inavuta. Dizeli ipo. Sasa panda, bwana, pakia na maziwa yako. Shangazi atakaa katikati yetu asije mmoja akamng’ata mwenzake.”

Wakaondoka. Ndani ya gari hapakuwa na salamu. Shangazi aliishika mikoba yake kama anayepelekwa hospitali, na kila gari lilipoyumba alikuwa akisema, “Polepole, mwanangu, mimi bado nadai kodi.” Walipita soko, wakapita kiwanda cha matofali. Mlima ulipoanza, pikapu ikalegea. Bwana Maziwa alikanyaga pedali hadi mwisho. Injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikanyamaza.

“Haya!” alifoka kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi huku nyumba yake ikiungua. “Mnaona? Mnaona uovu wake?”

Mama Pampu alishashuka. Aliinua boneti, akabonyeza pampu ileile ya mkono. Ilishuka, ikabaki chini. Haikurudi. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu ndani ya tangi anayeivutia kwake. Akasimama wima, na hasira yake, iliyokuwa ikichemka tangu alfajiri, ikatulia, ikawa na ncha.

“Wewe ni mtu wa maziwa,” alisema. “Ukitoboa kopo tundu moja tu, maziwa yanatoka?”

“Hayatoki. Mpaka utoboe la pili, la hewa. Hata mtoto anajua.”

“Nipe ufunguo wa kifuniko.”

Kwani kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na juu yake kuna kitambaa kilichokazwa kwa waya. “Ufunguo nimpe mwizi?” alisema Bwana Maziwa.

“Nipe mimi,” alisema shangazi, na mkono wake haukuzoea kurudi mtupu.

Shangazi alifungua kufuli, akakata kitambaa. Chini yake palikuwa na duara la mpira wa tairi la ndani, na chini ya mpira, juu ya kitundu kile, bonge la gundi ya chuma, gumu kama jino. Alipokizungusha kifuniko nusu, tangi likavuta pumzi: *fyoooo!* Pumzi ndefu, ya mtu aliyezamishwa majini akaachiwa. Shangazi aliruka nyuma, akashika kifua.

Mama Pampu hakuruka. “Kitundu hiki cha kuingiza hewa ulikiziba lini?”

“Siku ileile nilipogundua wizi wako. Nikasema, nimemkomesha.”

“Na gari lilianza kuzima lini?”

Bwana Maziwa aligeukia kifuniko, akakitazama upya.

“Mjibu,” alisema shangazi.

“Kesho yake.”

“Jaribu kuwasha.”

Mama Pampu aliibonyeza pampu ya mkono mara chache. Iliruka kama kawaida. Pikapu iliwaka kwa mkupuo wa kwanza. Kifuniko kikiwa hakijabanwa, waliupanda mlima ule hadi juu, wakageuza, wakarudi nyumbani bila kikohozi. Bwana Maziwa aliendesha kama aliyemwagiwa maji baridi.

Uani, watu walikuwa bado milangoni. Bwana Maziwa alitaka kuteleza pembeni, lakini Mama Pampu alimzibia njia kwa spana. “La, bwana. Ulinitukana hapa, sauti juu. Utanisafisha hapa, sauti juu. Halafu utakwenda kwa mwenye basi dogo, umwambie vilevile, kwa mdomo wako huo huo.”

Akasema. Kwanza kwa mnong’ono, shangazi akaweka kiganja sikioni. Kisha kwa sauti, mpaka kinyozi ng’ambo ya barabara akazima mashine yake asikie: hapana mwizi, ni yeye mwenyewe aliyeliziba gari lake pumzi. Wapo waliotazama chini, kwa maana neno “mwizi” na wao walilibeba.

Mama Pampu alichukua msumari mwembamba, akaibandua gundi chembe kwa chembe, akapuliza kitundu, akamrudishia kifuniko. Harufu ya chakula ilikuwa imeshatoka jikoni, na mumewe alikuwa akigonga sufuria kwa mwiko, ishara ambayo ua mzima uliijua.

Bwana Maziwa alibaki amesimama, kifuniko mkononi kama kofia ya msibani. “Wiki mbili, mama. Wiki mbili maziwa yangu yanamwagwa. Wateja wamenikimbia. Huna hata neno la kunipoza?”

Mama Pampu alimtazama. Kifua chake kilikuwa bado kinapanda na kushuka. Kisha akasogea kando ya mlango wake, akainua pazia.

“Nawa mikono, uingie ule. Sahani yako ipo, na kiti kipo, kwani nyumba hii haimfukuzi mwenye njaa. Lakini pole usiitafute humu ndani, jirani: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.”