Mwanzi wa Mwaija

Wapo watu ambao wakifungwa bao hudai kete zilihesabiwa vibaya, na wakipitwa mbio hulaumu mawe ya njiani. Watu hao hawakosi sababu hata siku moja, lakini ushindi nao huwapita mwaka hadi mwaka. Wahenga waliwajua vizuri, ndiyo maana wakasema asiyekubali kushindwa si mshindani, yaani asiyekiri kwamba amezidiwa hawezi kujifunza kile kilichomzidi. Anayetaka kubisha na abishe, lakini kwanza asikilize habari za Mwaija, binti wa Kizigua wa kijiji cha Kilole.

Ilikuwa enzi za Wadachi, garimoshi limeshaanza kupiga miluzi Korogwe. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa Kaisari wao, bendera zilipandishwa, ngoma zikalia, na vijiji vikashindana mbio na kuvuta kamba. Mwaka mmoja fundi wa reli, Mdachi mnene mwenye masharubu, aliongeza mchezo wa kwao, kuruka kwa mti. Miti miwili ilisimamishwa na ufito ukalazwa juu yake. Mrukaji alikimbia na mti mrefu mkononi, akausimika chini, akajirusha nao juu ya ufito na kuangukia lundo la majani makavu. Ufito ulipandishwa kidogo kidogo, na aliyeuangusha mara tatu katika kimo kimoja alitoka. Akida akatangaza kwamba kijiji cha mshindi kitasamehewa kazi ya barabara mpaka mavuno.

Watu wa Kilole waliposikia hayo, masikio yaliwasimama. Msimu uliopita wanaume wao walikuwa barabarani wakiponda mawe huku mvua ikinyesha, magugu yakayameza mashamba, na njaa ikabisha hodi nyumba kwa nyumba.

"Kuruka kwa mti? Mbona hiyo ndiyo kazi ya Mwaija kila siku!" alisema mama yake, Chausiku.

Alisema kweli. Mwaija alilinda mpunga bondeni, na alipowafukuza ndege na nyani hakuzunguka mifereji. Alichomeka mti wake matopeni, akajirusha, akatua ng'ambo akiwa bado anapiga kelele. Lakini Jumbe Sadala, mjomba wake, alikuna kichwa.

"Mwanamke aruke mbele ya Bwana Shauri, mkubwa wa Wadachi wote wa hapa?"

"Tangazo limesema kila kijiji kilete mtu mmoja," alijibu Chausiku. "Mwanangu si mtu?"

Jumbe akaagiza jina la Mwaija lipelekwe kwa Akida.

Siku ilipofika, Mwaija alivaa suruali ya kaka yake, akajifunga kibwebwe juu ya kaniki, akaingia uwanjani na mti wake wa bondeni. Lo! Uwanja ule ulikuwa mkavu, umeshindiliwa na miguu ya askari ukawa mgumu kama sakafu. Mti uliozoea matope uliteleza, naye akaenda chini kifudifudi. Akajaribu tena, akaanguka tena. Mara ya tatu aliamka na pua iliyochubuka, na mchezo wake ukawa umekwisha. Aliyeshinda ni Simeo, kijana wa Kisambaa kutoka Kwashemshi milimani, aliyepaa kwa mwanzi mwepesi huku watu wakimwangalia midomo wazi. Kwa kuwa Wasambaa na Wazigua ni watani, maneno yalimiminika kama mvua.

"Wazigua, rudini matopeni kwenu!" walipiga kelele watu wa milimani. "Huku juu mnatafuta nini?"

Jioni ile Kilole hapakukalika. Jumbe Sadala aliwakusanya watu na kusema kwa hasira, "Tumechezewa! Mwanzi ule una dawa. Kesho nakwenda kwa Akida, shindano lirudiwe!"

Watu wakamwitikia kwa kishindo. Hapo Mwaija akasimama.

"Shikamoo mjomba, na unisamehe. Mwanzi ule hauna dawa. Simeo ameniweza. Kabla ya kuruka alichimba kishimo, akausimika mwanzi wake humo, nami nilimwona kwa macho yangu. Mimi sikuchimba."

"Unatutia aibu mbele za watu!"

"Aibu ni kurudi mwakani na mti uleule, mjomba."

Maneno hayo hayakumtoka kirahisi. Machozi yalimlengalenga, kwani alijua kina baba wote waliokaa pale wangekwenda kuponda mawe kwa sababu yake.

Baada ya siku chache alijitwika kikapu cha kambare wakavu, akapanda milima hadi Kwashemshi. Alimkuta Simeo uani na mama yake, Dorkasi, wakipukuchua mahindi. Alimwamkia mama shikamoo, akamkabidhi samaki, kisha akauchukua mwanzi uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaanza kuondoka nao.

"Mwizi!" Simeo aliruka.

"Tangu lini mtani akaiba? Mtani huchukua chake," Mwaija alijibu bila kugeuka.

Simeo hakuwa na ujanja, kwa kuwa mtani akitwaa kitu chako, huna ruhusa ya kukasirika. Aliishia kucheka.

"Haya, mwanzi umepata, nami nitakata mwingine. Unataka nini tena?"

"Unifundishe kuutumia. Umenishinda, nami nimekuja kukuambia."

Dorkasi akamwangalia mwanawe. "Mfundishe. Watu wanaopanda mlima mzima kusema neno hilo ni wachache, na wewe mwenyewe si mmoja wao."

Basi, kila siku ya gulio Mwaija alipanda Kwashemshi. Alijifunza kuchimba kishimo, kuhesabu hatua, kurusha miguu kwanza na kuuachia mwanzi kwa wakati wake. Alianguka mpaka viwiko vikaota sugu. Huko nyumbani wanaume walikuwa barabarani, akina mama wakalima peke yao, na hakuna aliyemlaumu kwa sauti. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku ya Kaisari ikarudi. Warukaji walitoka mmoja mmoja, wakabaki Simeo na Mwaija. Ufito ulikuwa juu kuliko mkono ulionyooshwa wa askari mrefu kupita wote. Simeo aliuangusha mara tatu. Mwaija aliuangusha mara mbili. Mara ya tatu alikimbia, akasimika mwanzi, akapaa, na ufito ukatikisika kidogo lakini haukuanguka.

Vigelegele vya Kilole vilifika ng'ambo ya mto! Jumbe Sadala alirusha kofia yake hewani wala hakujali ilikoangukia. Simeo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwinua mtani wake kutoka majanini.

Fundi wa reli alipotaka kufunga mchezo, Mwaija akamwomba apandishe ufito.

"Mwanangu, umeshashinda!" Jumbe alishangaa. "Barabara tumesamehewa. Unatafuta nini tena huko juu?"

"Natafuta nitakaposhindwa, mjomba, ili nijue mwakani nianzie wapi."

Ufito ukapandishwa. Akauangusha mara moja, mara mbili, mara tatu. Uwanja mzima uliangua kicheko, na yeye akicheka kuliko wote, majani yamemjaa kichwani, akimuuliza Simeo amekosea wapi. Jumbe Sadala akawageukia watu wake na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mwaka jana mimi ndiye niliyekosea. Asiyekubali kushindwa si mshindani."