Kiti cha Mwenye Lango

Mtu mmoja alikuwa na lango la ubao katika bwawa la mlimani, alilolirithi kwa baba yake. Maji yalishuka kwa mfereji mmoja hadi mashamba arobaini, na desturi ilimfunga mwenye lango kwa mambo mawili: siku ya kuzibua mfereji, yeye hutangulia kuingia matopeni, na maji yakifunguliwa, shamba la mbali hunyweshwa kwanza, lake mwisho. Kwa ajili hiyo hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini lango ni la ukoo mmoja.

Mrithi huyo aliitwa Mrutu. Mwaka wa kwanza alisema mguu unamuuma, akatuma jembe lake. Watu wakamwombea apone. Mwaka wa pili alituma kiti, kikawekwa ukingoni, nao wakazibua mfereji mbele ya kiti kitupu. Mwaka wa tatu alilifungulia maji shamba lake kwanza. Ndipo watu walipoanza kuipima migomba yake kwa macho, na kila aliyepita pale alifika kwake akikichukia chakula chake mwenyewe. Hata hivyo walivumilia, maana ukame walikuwa wameuzoea.

Shamba la mbali lilikuwa la Nakiete, mjane wa kaka yake Mrutu. Maji yalipoacha kumfikia, alichimba shimo la kukingia mvua, akamwagilia maharage yake kwa kibuyu, shina kwa shina, kwa kuwa watoto wake wanne hawakuwa na tegemeo lingine. Yakastawi. Ya Mrutu, yaliyotuamiwa na maji mengi, yakageuka manjano.

Mrutu alikwenda kuyatazama ya Nakiete mara tatu. Mara ya kwanza aliyasifu. Mara ya pili aliuliza ni mbegu gani. Mara ya tatu alilitazama shimo. Kesho yake watumishi wake walilifukia shimo, wakieleza kwamba maji yote, hata ya mawinguni, ni ya mwenye lango. Maharage yalinyauka yakiwa bado katika maua.

Siku ya kuzibua ilipofika, kiti kililetwa, na safari hii Mrutu alikikalia mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amesikia minong'ono. Nakiete alipanda kutoka mferejini, akaliweka jembe lake mbele ya miguu ya Mrutu.

“Shemeji,” alisema, “naona mguu umepona. Shuka.”

Hakushuka. Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, kisha mfereji mzima. Kicheko kilipokoma, hakuna aliyerudi kazini. Walipanda hadi bwawani wakaling'oa lango. Na maji yaliposhuka, yalikichukua kile kiti, sasa kitupu tena, hadi shamba la mbali.

Hadi leo Mrutu husema kwamba aliangushwa na wivu wa maskini. Wivu ulikuwapo, sikatai. Lakini niambieni, ninyi mnaosikiliza: mwenye bwawa zima alionea wivu nini katika shimo la mjane?