Jani la Getini kwa Shemeji

Hii nimeletewa na mtu, naye aliletewa na mtu. Nimeisoma mara mbili nikaona si haki kubaki nayo peke yangu.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro aliishi mama mjane aliyeitwa Apaikunda. Alikuwa na wana wawili, Aminieli mkubwa na Elinami mdogo. Kama ilivyo desturi ya kule, kitindamimba ndiye aliyebaki katika nyumba ya wazazi, na kaka yake akajenga ng'ambo ya ua. Kati ya nyumba hizo palikuwa na hatua kama thelathini tu, lakini kwa miaka sita Aminieli hakuwa amezipiga. Mama yake alionana naye kanisani, au wakasalimiana yeye akiwa upande wake wa ua.

Chanzo kilikuwa mazishi ya baba yao. Aminieli alikuwa safarini na basi likaharibika njiani. Alipiga simu akaomba angojewe. Lakini mawingu yalikuwa yametanda, waombolezaji wanatazama juu, na Elinami akasema wazike. Aminieli alifika akakuta mashada ya maua yameshawekwa. Hakupata kutupia hata konzi moja ya udongo.

"Umemzika baba kana kwamba mimi sikuzaliwa," alimwambia mdogo wake, akaondoka.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Elinami naye hakuambilika. Kila alipoguswa alikuwa na jibu lile lile: "Mvua ilikuwa inakuja. Nilikosa nini?" Ukimsikiliza ungedhani mvua ndiyo iliyotoa amri.

Mwaka wa sita Elinami alioa. Mkewe, Nyamizi, alitoka Tabora, na Krismasi ilimkuta na wiki tatu tu za ukweni. Alijua kwamba mumewe na shemeji yake hawaivi chungu kimoja. Habari ya mazishi alidokezewa tu, na mke mgeni haulizi kila kitu.

Siku chache kabla ya sikukuu mama mkwe alimwita chumbani. Miguu ilikuwa imemvimba, hatoki tena bila kushikwa mkono.

"Mwanangu, nyumba hii haijapambwa tangu mzee wangu azikwe. Nipambie. Nataka wanangu wote wawili wakae meza moja, na nikiitazama hii miguu sioni kama nina Krismasi nyingi."

"Nitapamba, mama," alisema Nyamizi. Hilo la pili hakulijibu, maana halikuwa mikononi mwake.

Kupamba kwenyewe kulikuwa mtihani. Dawa za mama zilikuwa zimekomba kila kitu, na Elinami alisema taa za kumetameta na karatasi za rangi za mjini wazisahau, wakipata wali na kuku yatosha. Nyamizi hakubishana. Alichukua kisu na kikapu akaingia shambani.

Alikata tawi la msonobari akalisimamisha kwenye debe lililojaa mawe, na debe akalivika kipande cha kitenge. Alichuma kahawa mbivu zilizosahauliwa mitini mwishoni mwa msimu, akazitunga kwenye uzi mfano wa shanga, nyekundu kabisa, hadi ule uzi ukatosha kulizunguka tawi mara tatu. Majani makavu ya mgomba akayasuka nyota. Theluji aliitengeneza kwa pamba iliyobaki kwenye boksi la dawa. Mama mkwe alipoletwa sebuleni kutazama alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Nyamizi aingie nyumba ile.

"Hiyo pamba nimeizoea kwenye sindano," alisema. "Heri imepata kazi nyingine."

Siku ya mkesha, mchana, Elinami akiwa sokoni, Nyamizi alikuwa anafagia uwanja. Akatazama ng'ambo. Geti la shemeji lilikuwa mbao tupu, halina hata ua moja la kulipamba. Nyumbani kwao Tabora, mama yake hakuwa anapamba mlango wake bila kumpelekea jirani kidogo, na mkono wa Nyamizi ulizoea hivyo.

Kwenye ua wa mpaka ilisimama mimea yenye majani marefu ya kijani yanayong'aa. Akavunja jani moja. Lilikuwa refu mno kuning'inia vizuri, akalifunga fundo katikati, likapendeza. Hakujua mumewe angesemaje, lakini akapiga moyo konde. Alivuka hatua zile thelathini, akalitundika jani getini, akarudi haraka kuendelea na ufagio wake.

Siku ya Krismasi walirudi kutoka kanisani wakaandaa meza. Elinami alikuwa anamsaidia mama yake kukaa waliposikia hodi. Mlangoni alisimama Aminieli katika koti lake la kanisani, mkewe Ndeanasia akiwa nyuma yake. Aminieli alikuwa amelishika lile jani kwa mikono yote miwili.

Nyamizi alidhani shemeji amekasirika na amekuja kulirudisha pambo.

"Mdogo wangu," alisema Aminieli. "Nimelikuta getini jana. Niliapa siingii tena humu. Lakini isale halikataliwi. Miaka sita nimelingoja, na sasa nimelipokea. Yamekwisha."

Mama yao alijifunika uso kwa kanga akaanza kulia.

Ndeanasia alimwona Nyamizi ameduwaa, akamsogelea na kumnong'oneza, "Hilo ni jani la isale. Kwetu sisi, aliyekosa hulifunga fundo akampelekea aliyemkosea. Ndiyo kuomba radhi. Ukiletewa huwezi kukataa, hata kosa liwe kubwa namna gani."

Nyamizi akaelewa alichokifanya. Akaelewa pia kwamba akinyamaza, mama atapata alichokiomba, na hakuna atakayejua. Alitaka sana kunyamaza. Lakini alimtazama yule mtu mzima aliyesimama mlangoni, machozi yakimtoka kwa ajili ya neno ambalo hakuna aliyelisema, na akaona kumwacha hivyo ni kumzikia baba yake mara ya pili.

Akapiga magoti. "Shemeji, nisamehe. Nililitundika mimi. Sikujua desturi yenu, nilidhani ni pambo."

Aminieli alilitazama jani, kisha akaliweka mezani polepole, kando ya sahani.

"Kumbe," alisema. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Akageuka kuelekea mlangoni.

"Elinami," mama aliita.

Elinami aliinuka, akampita kaka yake mlangoni bila kumtazama. Wote walidhani anakimbia aibu. Lakini alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ua wa mpaka, akiwa na shati lake jeupe la sikukuu, akavunja jani. Fundo lilimshinda mara mbili. Alirudi akamkuta kaka yake ameshatoa mguu mmoja nje, akapiga magoti mbele yake pale kizingitini.

"Kaka, lile lilikuwa la mke wangu. Hili ni langu. Nilipaswa kukungoja. Mvua ingetunyeshea tu."

Aminieli aliurudisha mguu ndani.

"Na haikunyesha," Elinami akaendelea, sasa akilia. "Watu walipoondoka nilibaki kaburini mpaka jua linazama. Haikudondoka hata tone. Nimelijua hilo miaka yote sita, nikaona haya kukwambia."

Aminieli akalipokea jani, akamshika mdogo wake kwapani na kumwinua kama walivyokuwa wakiinuana utotoni.

"Basi," alisema. "Basi, baba. Twende tukale, mama anangoja."

Wakakaa meza moja. Mama Apaikunda aliagiza majani yote mawili yatundikwe kwenye tawi la msonobari, juu ya kahawa na pamba, lile la pambo na lile la toba. Halafu akamvuta mkwewe karibu.

"Jana nilikuwa dirishani," alimwambia. "Nilikuona ukilifunga. Nilitaka kukuita nikuzuie, nikakosa nguvu ya kukuita. Kusema kweli, sikutaka kukuzuia."

Krismasi iliyofuata nyumba ilipambwa vile vile, kwa tawi la shambani na kahawa za uzi. Kiti cha mama kilikuwa kitupu. Wanawe walikaa kulia na kushoto kwake.

Funzo: Nyumba hupambwa kwa vitu vya shambani ikapendeza, lakini pambo lisilonunuliwa popote ni neno "nisamehe", na ndilo wengi wetu tunaloliona ghali. Kama kuna mlango wa ndugu hujaupita mwaka huu, nenda mwenyewe, usingoje mgeni akosee kwa niaba yako.