Nani Apande kwa Ajili ya Zuberi?

Hapo zamani, na si zamani ya wafalme, ni zamani ya juzijuzi tu, wanaume wawili walipanga nyumba moja mjini Nakuru. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza.

Wa kwanza aliitwa Barasa, mwalimu wa fizikia. Aliwapenda wanawake, na hasa mmoja, mkewe Nekesa, ambaye alikuwa amemzika miaka miwili kabla. Barasa alikunja kitambaa cha vyombo mara nne na kuandika tarehe kwenye kila pakiti ya maziwa.

Wa pili aliitwa Kitsao, fundi wa friji kutoka Kaloleni. Aliwapenda wanaume wenzake. Alimwambia Barasa siku ile ile ya kwanza, kabla hajaweka begi chini.

"Hayo ni yako," Barasa akajibu. "Mimi nauliza jambo moja. Ukishapika, unaosha sufuria?"

"Hapana."

"Basi hapo ndipo tutakapokosana."

Wakakosana kweli. Kitsao aliloweka sufuria ya ugali siku tatu. Alifutia mikono pazia. Aliweka mota ya friji ndani ya karai la kuogea, na Mwalimu akaikanyaga akiwa na povu machoni. Kelele zake zilivuka ukuta.

Nyuma ya ukuta aliishi Wanjeri, mpiga video za harusi. Alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kesho yake akabisha hodi, kamera begani.

"Nyinyi ni filamu," akasema. "Ya kuchekesha. Hatuhitaji studio, tuna sufuria."

Kitsao akatunga maneno, akiyaandika juu ya maboksi ya vipuri. Ndani ya filamu akajiita Zuberi, ili jina lake lisijulikane. Siku ya kwanza kila mmoja akajiigiza mwenyewe. Loo! Barasa aliongea kama anayesoma kumbukumbu za mkutano. Kitsao alisimama kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Mmekauka kama omena walioanikwa!" Wanjeri akafoka. "Badilishaneni!"

Wakabadilishana. Mwalimu akavaa shati la fundi, fundi akavaa miwani ya Mwalimu. Kitsao akanusa maziwa, akasoma tarehe, akanusa tena. Barasa akaingia akiimba, akafuta mikono kwenye pazia, mbele na nyuma.

"Wee Mwalimu! Mimi hufuta mbele tu!"

"Nimekutazama mwaka mzima, fundi. Unafuta na nyuma."

Wakacheka wote watatu. Barasa alikuwa hajacheka hivyo tangu Nekesa afariki.

Siku ya nane wakafika mahali ambapo mama yake Zuberi anapiga simu kuuliza ataoa lini. Maneno yalikuwa ya Kitsao, neno kwa neno, kama alivyomjibu mama yake kwa miaka kumi.

Barasa akamuuliza, "Mama akikupigia, mkono wako unakuwa wapi?"

"Kwenye mlango wa friji. Naufungua, naufunga."

Basi Barasa akashika simu. Akafungua friji, akafunga. Akasema, "Mama, hapa hapana nafasi ya mke. Nyumba imejaa friji." Mpaka hapo ilikuwa kichekesho, na maandishi yaliishia hapo. Lakini Barasa hakuweka simu chini. Aliendelea kufungua na kufunga, machozi yakishuka. Wanjeri alipaswa kuzima kamera. Hakuzima. Alirekodi dakika nzima.

Filamu ikaitwa *Sufuria Moja*. Ikapokewa kwenye tamasha Nairobi. Watu wakapiga meza, wakajipiga mapaja, wakashikana mabega kwa kicheko. Ilipofika dakika ile, leso zikatoka mifukoni. Na tuzo ya Mhusika Bora ikaenda kwa Zuberi!

Watatu wakaruka, wakakumbatiana, wakapiga kelele. Ndipo mtangazaji akasema, "Sheria yetu mnaijua. Tuzo ni moja, anapanda mmoja, anasema dakika moja. Nitaita mara tatu. Asipopanda mtu, tuzo inakwenda kwa mshindi wa pili. Aliyemleta Zuberi, apande!"

Ile ilikuwa mara ya kwanza. Kitsao akainua mguu.

"Ni mimi," akasema. "Mama anatazama runinga huko Kaloleni. Miaka kumi nimefungua na kufunga mlango ule. Leo nataka nimjibu. Mwalimu, maisha uliyoyavaa ni yangu."

Barasa akamshika mkono. "Ukisema hayo mbele ya nchi nzima, kesho utalala wapi? Nani atakuita umtengenezee friji?"

"Hilo niachie mimi."

"Aliyemleta Zuberi, apande!" Mara ya pili.

"Basi na mimi niseme langu," Barasa akanena, sauti chini. "Mwalimu mkuu aliona bango la filamu akaniambia nichague, Zuberi au ubao. Nilimchagua Zuberi. Na ile dakika haikuandikwa kwenye boksi lako, ndugu yangu. Tangu tumzike Nekesa sikuwa nimelia mbele ya mtu. Nililia ndani ya shati lako, lakini kilio kilikuwa changu. Nikipanda mimi, nitamtaja yeye. Na wewe utabaki salama."

"Salama nimekaa miaka kumi, Mwalimu."

Wanjeri akaingia katikati yao. "Maneno ni yake, machozi ni yako. Sawa. Nani aliwasikia kupitia ukutani? Nani alisema mbadilishane? Nani hakuzima? Makanisa matatu yamekataa nipige harusi zao kwa sababu ya filamu hii. Bila mimi, kaka zangu, mngekuwa bado mnagombania sufuria!"

Na yote matatu yalikuwa kweli.

Mtangazaji akatazama saa, akavuta pumzi. "Aliyemleta Zuberi, kwa mara ya tatu na ya mwisho, apande!"

Ukumbi ukasimama. Watatu wakafika chini ya ngazi ya jukwaa kwa pamoja, wakatazamana. Ngazi ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja. Huko Kaloleni, mama yake Kitsao alisogeza kiti karibu na runinga.

Haya, nyinyi mliosikiliza, msiniachie mimi. Aliyeyaishi maisha yale, aliyelia, au ambaye hakuzima kamera: je, nani alistahili kupanda?