Laani Kwanza, Ndipo Uchote

"Hadithi inabisha hodi!"
"Karibu, kigoda hiki!"
"Ina miiba!"
"Basi ikae taratibu!"

Hapo kale, nungunungu waliabudu Mwezi, ndege wakaabudu Jua. Siku moja nungunungu wa ng'ambo ya kilima akamchoma Mbuzi miiba pajani, akapiga ukelele, "Kwa jina la Mwezi!" Akatoweka.

Kesho yake Korongo, msimamizi wa kisima, akatangaza: nungunungu hachoti maji mpaka amlaani aliyemchoma Mbuzi.

Bi Msasa, nungunungu wa upande huu, mwanawe ana homa. Akaja na mtungi.

"Laani kwanza."
"Namlaani. Ule ni ukatili."
Akachota.

Siku ya pili: "Laani kwanza."
"Si nililaani jana?"
"Ya jana imechacha, mama."
Akalaani, akachota.

Siku ya tatu mtoto anaweweseka.
"Laani kwanza. Na leo kwa uchungu. Jana sikuona chozi."
"Mzee Korongo, huyo hata simjui!"
"Samaki mmoja akioza, wote wameoza."
"Kwani mimi samaki?"

Foleni ikaangua kicheko. Korongo hakucheka, msimamizi hachekei kazini.

Bi Msasa akatua mtungi. "Haya, ila kila mtu na wake. Nani alimeza vyura wa bwawani akiimba 'Kwa jina la Jua'?"

Korongo akakohoa. "Yule... mjomba. Wa mbali."

"Laani kwanza!" foleni ikaitikia.

Wee! Kasuku akamkumbuka shangazi yake, Mwewe akaukumbuka ukoo mzima. Huyu analaani, yule analaani, koo zimekauka, na maji yapo palepale, hayajaguswa!

Mbuzi akafika akichechemea. "Kelele za nini?"
"Tunakutetea wewe!"
"Mimi? Siku niliyochomwa, nani alikuja kwangu?"

Mbuzi akamgeukia Bi Msasa.

"Bi Msasa alikuja damu haijakauka. Akaing'oa miiba kwa meno yake, akamlaani aliyenichoma, akalia nami. Hakuulizwa. Ninyi mlikuwa mnatunga tangazo."

Akaujaza mtungi. "Kimbia, dada, mtoto anangoja."

"Lakini utaratibu..." Korongo akaanza.
"Kunywa huo utaratibu wako!"

Mtoto akanywa, akatoka jasho, akaomba uji.

Na Korongo? Yupo kisimani, kiu imemshika, angali anamlaani mjomba. Foleni inasema haijaona chozi.

Hadithi imeaga, kigoda kingali na moto. Mwenye miiba akikalie, asiye na miiba akitazame kwanza!