Gauni Lililogoma Kufungwa

Sogeeni karibu, na anayejua kuhukumu asisinzie.

Palikuwa na wanawake watatu pale Tanga, mashoga wa kufa na kuzikana. Sikudhani alikuwa fundi cherehani. Akikushonea nguo, jirani anakuamkia kama mgeni. Kibibi alikuwa na mguu mmoja mfupi na moyo usioogopa macho ya watu. Mwanakombo alikuwa mnene, mnene hasa, na akipita kwa mwendo wake mazungumzo ya barazani yalikatika.

Mwaka mzima Mwanakombo aliomba kuonyesha mavazi jukwaani, na kila mahali alifukuzwa: "Kapungue kwanza." Maskini, akajinyima chakula hadi akazimia sokoni. Mwishowe Bi Shamsa, mwenye jumba la mavazi, akawaambia, "Leteni gauni moja kwenye onyesho langu. Likinipendeza, naajiri. Mkiniaibisha, msinijie tena."

Siku ikafika. Wote watatu walivaa sare, kitenge kimoja. Lakini gauni la Mwanakombo likagoma kufungwa. Kwa mazoea tu, Sikudhani alikuwa amelikata kwa kipimo cha sanamu la dukani!

"Nimekumaliza, shoga yangu," akalia. Kisha akavua gauni lake mwenyewe, akalichana, akaanza kuunga vipande ubavuni mwa lile la Mwanakombo kwa mkono. Akabaki na shumizi.

Jina la Mwanakombo likaitwa, sindano bado inatembea. Kibibi akatoka yeye, akichechemea. Watu wakacheka. Akaenda, akarudi, akaenda tena huku machozi yanamtiririka, mpaka wakachoka kucheka.

Ndipo Mwanakombo akatoka, pini zikimchoma. "Jukwaa litavunjika hilo!" mtu akapiga kelele. Mwanakombo alitamani ardhi immeze. Hata hivyo akasimama mbele ya mtu yule, akageuka taratibu aonekane pande zote, akaendelea na mwendo wake. Ukumbi mzima ukainuka kumpigia makofi.

Bi Shamsa akawafuata nyuma ya pazia. "Nafasi ya kazi ipo, ila ni ya mmoja wenu, yeyote yule. Nitajieni jina kabla sijaondoka, la sivyo namrudia yule binti mwembamba ninayemtumia kila mwaka."

Wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kusema "mimi", na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusema "wewe". Nje, gari la Bi Shamsa likawashwa.

Mimi nimeshindwa, nasema kweli. Bila Sikudhani gauni lisingefungwa, ingawa kosa lilikuwa lake. Bila Kibibi zamu ingepita. Bila Mwanakombo, nani angelivaa? Haya, gari linaondoka: wewe ungeita jina gani? Na wale wawili ungewatazamaje usoni?